Hodi Nyuma ya Kochi

Binti yangu hapendi kushikwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu anayekanyaga kwangu, kabla hata sijamwonyesha pa kukaa, na ndilo la kwanza ambalo kila mtu hulisahau. Watu wa kwetu tuna mikono. Tukiona mtoto tunataka kumfinya shavu, kumpapasa kichwa, kumvuta mapajani tumuulize yuko darasa la ngapi. Mimi ndiye nabaki kusimama katikati kama trafiki, mkono juu, nikisema jamani, mpungieni tu, inatosha. Wapo wanaoona namlea kwa maringo. Hao nimeshazoea kuwanunia.

Ana usonji. Neno hilo nilipewa hospitali akiwa bado mdogo, na niliposikia kwamba jambo lenyewe lina jina nilishukuru, maana kabla ya hapo majina yalikuwa yanatoka uani kwa majirani, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Maneno yake ni machache: maji, zima, basi, hapana. Hapana analo la kutosha, hilo kalichukua kwangu. Anapenda kuzungusha mifuniko ya sufuria sakafuni hadi itulie yenyewe, na anapenda harufu ya udongo wa Dodoma mvua ya kwanza inapougusa. Siku hiyo hutoka nje na kusimama uani huku pua yake iko juu, anavuma kwa sauti ya chini, na uso wake unakuwa mzuri kiasi kwamba naacha kazi zangu nimwangalie.

Na hapa niseme lililo moyoni, nisijifanye jasiri. Nilitamani mwanangu anikumbatie. Tangu mchanga nikimbeba alikuwa anajikaza mwili mzima, na nikimlaza kitandani ndipo anatulia. Nikajifunza kumpenda kwa mbali: kumwekea chakula sahani ya bluu, kitu na kitu visigusane, kumzimia feni, kumkatia lebo za nguo mgongoni. Nilifanya yote hayo kwa moyo wangu wote, lakini nikiwaona wenzangu wanarukiwa shingoni na watoto wao getini mwa shule, wivu ulinishika. Wivu wa kweli.

Tunaishi Area D, nyumba ya kupanga. Mimi nafanya kazi masjala ya ofisi moja ya serikali, ni mtu wa Mpwapwa, mtoto wa kanisani. Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, mwislamu, ana karakana yake Kizota anachomelea mageti na milango. Mpole mno. Mimi nikifoka anasubiri nimalize, kisha anauliza kama chai ipo. Kwetu Pasaka inaliwa na Idi inaliwa, na binti yetu zote mbili anazila nyuma ya kochi.

Hilo kochi nilieleze. Ni kubwa, la zamani, na baba yake alilivuta mbele kidogo ili kubaki nafasi kati yake na ukuta. Huko nyuma kuna godoro dogo, mifuniko yake, taulo moja analopenda kulifuta shavuni, na juu nimemtandikia kanga iwe kama paa. Dunia ikimzidi, anaingia humo. Wageni wakija anaingia humo. Nikipika kwa kelele, anaingia humo. Ni chumba chake ndani ya sebule yetu, na sisi tulikuwa tunamchungulia na kumtilia mikono humo tunavyotaka, kumvuta aje kula, kumvuta aje kuoga. Hatukuona ubaya wowote.

Sasa mwaka ule mvua ya kwanza iliponyesha, akatoka kama kawaida yake kwenda kunusa udongo, na kama kawaida yake pekupeku. Jirani alikuwa amekata matawi ya mgunga kuziba pengo la uzio. Mwiba ukamwingia unyayoni, karibu na kisigino, ukazama. Hakulia. Huo ndio ugumu wake: blenda itamliza hadi ukuta utetemeke, lakini mwiba haumlizi. Tulijua jioni tulipoona anatembea kwa vidole na sakafu ina matone ya damu.

Tukaenda hospitali. Sitasimulia sana, maana nikisimulia nakasirika upya. Palikuwa na watu wengi, taa kali, mtoto anapiga kelele, na mtu fulani akasema mshikeni tumalize haraka. Wakamshika wanne. Nami nikapaza sauti kuliko binti yangu, hadi mlinzi akaja kuona nani anauawa. Mwiba ukakatika, nusu ukatoka na nusu ukabaki. Daktari, binti mdogo tu kwa umri, ndiye aliyesema basi, mwachieni, hii si sawa. Nilimpendea hapo. Akatupa dawa, akatuambia tumsafishe kidonda kila siku nyumbani kwa maji ya vuguvugu, kisha turudi siku ya kliniki atoe kilichobaki. Ikishindikana watamlaza kwa dawa ya usingizi.

Dawa ya usingizi haikunitisha. Kilichonitisha ni kile kitakachofuata akiamka, agundue kwamba watu wameushika tena mwili wake bila yeye kujua. Maana toka tuliporudi nyumbani alikuwa amehamia nyuma ya kochi moja kwa moja. Hakwenda shule. Hakutoka kula. Dawa ya maji tulimwachia kwenye kikombe chake, akanywa mwenyewe, Mungu mkubwa. Lakini mtu akipeleka mkono, hata wa kuokota mfuniko, alipiga kelele na kujiuma kiganja. Kidonda hakikuoshwa. Mguu ukaanza kuvimba, nami nikaanza kuona kwamba mwanangu, aliyekuwa mbali nami hatua moja, sasa anakwenda mahali ambapo sitamfikia tena.

Mume wangu akampigia simu mama yake. Hakuniuliza. Niliposikia bibi yuko njiani kutoka Kondoa nilisema haya sasa, kazi ipo. Si kwamba namchukia mama mkwe wangu. Ni mama mwembamba, mkulima wa mlimani, mtu wa swala zake na maneno machache, na yalipoishia hayo machache mimi nilikuwa najaza mengine mwenyewe. Akija siku za Idi alimtazama mjukuu wake kwa mbali na kunyamaza. Niliamini kimya kile ni lawama.

Alifika mchana, na mfuko wa karanga, na kanga mbili za kubadilisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwonyesha kochi kwa kidevu. Nikaanza hotuba yangu ya trafiki, asimshike, akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akavua viatu, akanawa, akaswali, akanywa maji. Kisha akaketi sakafuni, mbali kidogo na kochi, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa akina mama kwao, akatazama ile kanga ninayoiita paa.

"Hodi," akasema.

Kimya. Mfuniko uliokuwa unazunguka ukasimama.

"Hodi hapa."

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Bibi akashika goti, akainuka, akaja jikoni nilipokuwa, akaanza kumenya karanga zake.

"Mama," nikasema, "si yupo? Si unamwona kabisa?"

"Namwona. Hajajibu."

"Hajibu. Ndiyo ugonjwa wenyewe, mama, hajibu mtu."

"Kwetu ukipiga hodi mara tatu hujajibiwa, unarudi ulikotoka. Humkasirikii. Labda anaoga, labda analia, labda leo hataki mtu. Nyumba ni yake." Akaweka karanga moja mdomoni. "Huko kwenu Mpwapwa mnaingia tu?"

Nikasema mama, ule ni mguu, si nyumba. Akaniuliza huo mguu ni wa nani.

Siku ile alirudi pale baada ya alasiri, na tena magharibi ilipokaribia. Kila mara ni hodi tatu, kila mara hakuna jibu, kila mara anainuka bila kinyongo na kurudi jikoni. Kesho yake asubuhi hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, niko nyumbani napima uvimbe kwa macho kila mtoto anapogeuza mguu chini ya kanga. Hatimaye nikapasuka. Nikamwambia mama, samahani sana, usaha hausubiri adabu za Kondoa. Nikamwambia wewe utapanda basi urudi mlimani kwako, mimi ndiye nitabaki na mtoto mwenye kilema. Nikamwambia na mengine. Mume wangu alikuwa mlangoni anavaa mabuti ya kazi, akainama kufunga kamba ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Bibi aliniacha nimalize, na hapo ndipo nilipoona mwanawe alikojifunzia.

"Hasira yako ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ningekuwa na mgonjwa ningependa anisemee mtu kama wewe. Lakini imeingia huko nyuma ya kochi kila siku bila hodi. Leo ikae na wewe hapa jikoni, imenye karanga."

Basi nikamenya karanga. Nilizimenya kwa nguvu mno hadi nusu zikasagika.

Mchana ule bibi alibeba beseni la maji ya vuguvugu akaliweka chini, pembeni ya kochi, na kitambaa safi juu yake. Akapiga hodi zake. Hakujibiwa, akaondoka, beseni akaliacha. Nikachungulia kutoka mlango wa jikoni nikaona kidole kimoja kinatoka chini ya kanga, kinagusa maji, kinarudi. Nikaziba mdomo. Baadaye akapeleka jingine, maji mapya, hodi zile zile. Safari hii vidole vya mguu ndivyo vilivyotoka, vitano vyote, vikakaa ukingoni mwa kochi kama watoto wanaochungulia wageni. Bibi hakuvigusa. Alivitazama kwa heshima.

"Hodi," akasema taratibu.

Nikasikia kule nyuma pumzi inavutwa, ile ya mtu anayetaka kusema. Naapa niliisikia. Na wakati huo huo mume wangu alikuwa ndiyo anaingia kutoka Kizota, vumbi la chuma hadi kwenye nyusi, yuko koridoni anavua mabuti, hajui lolote linaloendelea. Akasikia hodi. Akajibu kama anavyojibu Mtanzania yeyote aliyelelewa, kwa sauti ndefu ya ukarimu, "Karibuuu."

Mguu ukapotea.

Bibi akageuza shingo polepole akamtazama mwanawe. "Wewe tangu lini umekuwa mguu?"

"Mama, mtu akipiga hodi mdomo unajibu wenyewe."

"Basi uufunge. Hapa anayekaribisha ni mmoja."

Alisimama pale na soksi zake, mtu mzima mwenye karakana, kiganja mdomoni kama mtoto aliyemwaga maziwa. Nikaanza kucheka. Nilikuwa sijacheka toka mwiba uingie, na nilicheka hadi nikakaa chini, bibi naye mabega yakawa yanamtikisika, na mume wangu akacheka ndani ya kiganja chake bila kukitoa. Huko nyuma ya kochi mfuniko mmoja ukaanza kuzunguka. Nilimpenda kila mtu ndani ya nyumba ile kwa wakati mmoja.

Ikawa sheria. Neno karibu likawa la binti peke yake. Lakini hebu jaribu wewe uone. Ni kama kujizuia kupiga chafya. Jirani yetu, yule wa miiba, alikuja jioni na bakuli la maharage kutuombea radhi. Akabisha mlangoni, hodi, hodi jamani, hodi wenyewe, na sisi watu wazima watatu tumekaa sebuleni tunaangaliana, midomo imebanwa, maana bibi alikuwa katikati ya hodi zake na tuliogopa kuvuruga. Jirani akaweka bakuli kizingitini akaondoka akitembea polepole. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unauliza tumefiwa na nani.

Ilikuwa jioni hiyo hiyo ya maharage. Jirani ameshaondoka, bibi akaanza upya.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Na sauti ndogo, kavu, kama ya mtu anayevaa nguo mpya kwa mara ya kwanza, ikasema, "Karibu."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mume wangu alinishika mkono, nami nikamwumiza kwa jinsi nilivyomshika. Tulidhani bibi ataingia sasa, ataushika mguu, atamaliza kazi. Hakuingia. Alisema, "Ahsante," akangoja. Mguu ukatoka wenyewe hadi kwenye beseni. Akasema hodi ya maji, akaonyesha kikombe, akangoja. "Karibu." Akamwagia. Akasema hodi ya kitambaa. "Karibu." Kila kitu kilibisha kabla ya kuingia, hata sabuni. Ilichukua muda ule mtu anaotumia kupika wali na mboga, na mwisho wake kidonda kilikuwa safi na mtoto hajajiuma. Aliposema basi, bibi aliacha papo hapo, ingawa kisigino kilikuwa hakijakaushwa. Ule mguu uliokuwa unadondosha maji ukarudi chini ya kanga, na hakuna aliyeufuata.

Nilifurahi. Na wivu ukanishika tena, sitaki kudanganya. Mtoto nimzae mimi, nilale nimekaa mimi, halafu karibu ya kwanza ipewe mtu wa Kondoa.

Kesho yake nikajaribu. Nikakaa sakafuni kama yeye, miguu nimenyoosha, nikasema hodi. Ilitoka kama ya mtu anayedai kodi. Kimya. Nikasema ya pili, nikasema ya tatu. Kimya, wala mfuniko haukugongana na mwenzake. Sasa hapo ndipo palipo kazi, kuinuka. Kila mfupa wangu ulitaka kuinua ile kanga na kusema ni mimi, mama yako, unanifungia mlango mimi. Nikainuka. Nikaenda jikoni nikafungulia bomba ili nisisikike nalia.

Bibi alikuja akasimama karibu yangu. "Umeinuka," akasema.

"Hajanijibu."

"Umeinuka lakini. Amekuona unaondoka."

Sikuelewa faraja iko wapi. Nikajaribu mchana, nikajaribu jioni, na kesho yake, na kila mara nilikaa, nikabisha, nikanyimwa, nikainuka. Bibi akibisha anajibiwa. Baba yake akajaribu mara moja, kwa aibu, akajibiwa, akatoka mbio uani kwa furaha. Mimi tu. Nikajiambia sawa, mradi mguu unapona. Nikajiambia hivyo mara nyingi.

Siku ya kliniki ikafika. Alikubali kutoka kwa sababu bibi alimwachia nafasi nzima ya nyuma ya bajaji peke yake na mifuniko yake, sisi tukapanda nyingine nyuma yake na dereva tumemweleza asipige honi. Hospitali tulimkuta yule daktari mdogo. Alimkumbuka binti, na niliona usoni kwamba siku ile haikumpendeza hata yeye. Binti akapanda kitandani mwenyewe, akavuta kanga juu ya magoti, akaficha mguu.

"Daktari, mwanangu," akasema bibi, "kwetu tunapiga hodi kwanza. Mara tatu. Yeye tu ndiye anajibu."

Daktari akanitazama mimi. Nikasema fanya hivyo tafadhali, na nadhani nilisema kwa sauti yangu ile ya siku ya kwanza, maana hakubisha. Akavuta kiti, akakaa chini ya usawa wa mtoto.

"Hodi," akasema.

"Karibu ndani," akaitikia nesi kutoka nyuma ya pazia, alikokuwa anapanga sindano, bila hata kugeuka.

Mguu ukajikunja. Binti akaanza kuvuma, sauti inapanda, nami naijua ile sauti inakokwenda. Mume wangu akamwendea nesi kwa ncha za vidole akamnong'oneza. Nesi akaweka kiganja mdomoni. Daktari akaonekana anafikiri. Angeweza kusema jamani nina foleni, na foleni ilikuwepo kweli, hadi uani. Badala yake akainuka, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Tukasikia watu wa koridoni wanamuuliza daktari vipi, unaondoka? Kisha tukasikia anabisha kwa kidole.

"Hodi."

Chumbani hakuna aliyepumua. Mume wangu kiganja mdomoni, nesi kiganja mdomoni, mimi vyote viwili.

"Hodi hapa."

Sauti ya kuvuma ikashuka. Binti alikuwa anautazama mlango. Hakuwahi kutazama mlango wa hospitali hivyo, kama kitu ambacho yeye ndiye mwenye funguo zake.

"Hodi wenyewe," akasema daktari huko nje.

"Karibu," akasema binti yangu.

Daktari akaingia akashukuru. Akamweleza hodi ya kwanza ni ya ganzi, na kwamba itauma, hatamdanganya. Binti akashika mfuniko wake kwa mikono yote miwili, akakaa muda, akasema karibu. Iliuma, niliona. Machozi yalimshuka bila sauti. Lakini mguu alikuwa ameutoa mwenyewe, na hakuna mkono uliomshika zaidi ya ule aliouruhusu. Kipande cha mwiba kilitoka, cheusi, hata punje ya mchele ni kubwa kuliko chenyewe. Nilikitazama kwenye kile kisahani nikaona hasira yangu yote ya wiki ile imekosa pa kukaa.

Akapona. Akarudi shuleni, kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na mwalimu wake nilimweleza habari ya hodi. Aliicheka kidogo, kisha akaanza kubisha kwenye dawati lake kabla ya kusogeza daftari. Ananiambia mambo yametulia sana. Nyumbani tukaendelea. Kanga haiinuliwi tena na mtu yeyote bila kujibiwa. Mimi niliendelea kukaa sakafuni kila jioni na kubisha. Na kuinuka.

Siku moja kabla bibi hajarudi Kondoa, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni nachambua mchele kwa ajili ya chakula cha kumuaga. Ungo mapajani, macho kwenye mawe, maana mchele ule ulikuwa na mawe si kidogo. Bibi alikuwa mbele yangu anakunja kanga zake. Mume wangu alikuwa kwenye kiti anarekebisha kitasa. Jua lilikuwa bado liko juu.

"Hodi," mtu akasema.

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikamtazama bibi, na bibi akainua kidevu kuelekea nyuma yangu.

Nikajua. Sikugeuka. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu, na harufu ya sabuni ya kidonda ambayo bado hakutaka tuiache.

"Hodi hapa," akasema binti yangu.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema kwa bosi wala kwa konda, mimi niliyefokea hospitali nzima, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikaona mume wangu anafungua wa kwake, mdomo ule unaojibu wenyewe, kisha akaweka kitasa chini na kuufunika kwa viganja vyote viwili. Nikamtazama bibi kwa macho ya kuomba. Bibi akatikisa kichwa. Nyumba hii haikuwa yake kukaribisha mtu.

"Hodi wenyewe."

Hiyo ilikuwa ya mwisho, na nilimjua mwanangu. Angeondoka. Angeondoka bila kinyongo, hivyo hivyo alivyoniona mimi nikiondoka kila jioni, na pengine angerudi siku nyingine na pengine asirudi. Nikasikia unyayo unageuka kwenye mkeka.

"Karibu," nikasema. Ilitoka kama mlango wenye kutu. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Unyayo ukasimama. Kisha kitu kizito, cha joto, kikaja kukaa kati ya mabega yangu. Ni paji lake la uso. Halafu shavu. Halafu uzito wake wote, mtoto mzima, ameniegemea kama wanavyoegemea watoto wa wenzangu. Mikono yangu ilitaka kurudi nyuma imkumbatie, nikaiacha kwenye ungo, kwa kuwa hakuwa ameiomba. Akaanza kuvuma ile sauti yake ya mvua ya kwanza, na nilikuwa naisikia mgongoni, ndani ya mifupa.

Nililia hadi mchele ukalowa. Bibi alikunja kanga ile ile mara kadhaa. Sikuchambua hata punje moja zaidi. Chakula cha kumuaga bibi tulikila na mawe yake, na bibi alitafuna polepole akasema ni kitamu sana.